Refa Asiye na Mjomba

Kitambaa cha meza ya pool kikipigwa pasi ya makaa kingali na unyevu hutoa harufu ambayo sijaipata tena mahali pengine. Ni harufu ya blanketi la mtu aliyelala karibu na moto, imechanganyika na vumbi la chaki na, kwa kuwa meza yetu ilikuwa katika chumba cha nyuma cha bucha, mafuta ya ng'ombe. Timau ni baridi. Watu wa Meru mjini hudhani wanaijua baridi mpaka siku wanapopanda kule juu mwezi wa Julai, ukungu unaposhuka kutoka mlimani na kulala juu ya mashamba ya ngano hadi jua likaribie utosi. Kitambaa kile kiliunyonya ukungu usiku kucha, na asubuhi mpira uliopigwa juu yake ulijikokota kama mzee anayepanda kilima. Kwa hiyo kila Jumapili ya mashindano Baba alitia makaa kwenye pasi, akakunja mikono ya shati, akainyoosha meza nzima kwa uangalifu ambao kanzu yake ya Idi haikuwahi kuupata.

Pasi peke yake haikutosha. Ardhi ya Timau yote imeinama, na sakafu ya chumba kile iliinama pamoja nayo, kwa hiyo mpira ukiachwa ulitambaa wenyewe polepole kuelekea shimo la kona, upande wa dirishani. Vijana wa Timau waliujua mwinamo ule kama wanavyoijua njia ya kwao, wageni hawakuujua. Baba hakulipenda jambo hilo. Alikuwa muuza nyama, na kila asubuhi kabla ya kupokea mteja wa kwanza alizifuta sahani mbili za mizani, akazitazama zikining'inia tupu mpaka zitulie. "Mizani haina jirani," alikuwa akisema, na majirani walimsikia. Siku ya mashindano alikata vipande vya mfupa kwa msumeno, akavichomeka chini ya miguu ya meza, kisha akaweka katikati ya kitambaa bakuli la supu lenye mstari wa buluu kwa ndani. Tulilizunguka, yeye upande huu, mimi upande ule, tukichungulia kama supu imelingana na mstari pande zote. Mafuta yakikaa sawa, aliniambia niinywe. Mpaka leo nikisikia mtu akitaja neno haki, mdomoni hunijia ladha ya supu ya mifupa iliyozidi chumvi.

Mwaka ninaousimulia tulikuwa wawili tu nyumbani. Mama alikuwa ameenda mji wa Maua kumuuguza bibi, akamchukua mdogo wangu aliyekuwa bado ananyonya, na akaniachia mimi, mtoto wa darasa la tano, kazi ya kumkumbusha Baba kula. Tulikuwa nyumba pekee ya Waislamu katika mtaa ule. Baba alizaliwa Meru mjini, na baba yake pia, na Kimeru chake kilikuwa safi kuliko cha vijana wengi waliokuja kununua nyama; lakini ukimuuliza babu wa babu yake alitoka wapi, alikuna kidevu akataja Sudani, na siku nyingine Unyamwezi. Watu walimwita Mswahili, bila ubaya wowote. Walikula nyama yake, walimwamini, walimwalika harusini wakamwekea chakula chake kando. Mimi nilikuwa mtoto wa Mswahili. Kwenye michezo ya shule, watoto walipogawanyika kwa koo na kwa mitaa yao, nilibaki katikati nikiwashikia sweta.

Kendi ndiye aliyekuwa rafiki yangu, na nikisema ndiye, nina maana kwamba hakukuwa na mwingine. Yeye aliishi ng'ambo ya barabara kuu, karibu na mashamba ya maua ambako mama yake alifanya kazi ya kukata mawaridi. Baada ya shule alinisindikiza kuelekea kwetu mpaka kwenye kalvati, pale maji ya mvua yanapopita chini ya barabara. Tukifika kwenye kalvati nilimwonea huruma kurudi peke yake, nikamsindikiza mpaka mlangoni kwao. Mlangoni kwao yeye naye akanionea huruma. Tuliweza kwenda na kurudi hivyo mpaka Mama Mutwiri, yaani mama yake, atoke na kutuuliza kama tunapima barabara ya serikali. Sijui tulizungumza nini wakati wote ule. Nakumbuka tu kwamba sikuwahi kufika nyumbani nikiwa na baridi.

Jinsi nilivyokuwa refa ni hadithi fupi. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na marefa wa Timau waliivuta mno. Vijana wa Mikinduri waliwahi kuja, wakahukumiwa na mtu wa hapa hapa, wakaondoka na fimbo iliyovunjika na maneno ambayo siwezi kuyaandika. Walipoombwa kurudi walitaka kwanza refa asiye wa upande wowote. Baba aliombwa, akakataa, kwa sababu Jumapili ndiyo siku ya nyama na hawezi kuwa mahali pawili. Ndipo mzee mmoja aliyekuwa akila mbavu pale kaunta akaninyooshea mfupa.

"Si huyu msichana wako yuko? Kila siku anaangalia hii game. Na hana mjomba hapa."

Walicheka, kisha wakaacha kucheka, maana walikuwa wamelitafuta jambo hilo muda mrefu na sasa lilikuwa limekaa mbele yao likila andazi. Asiye na mjomba hana wa kumpendelea. Huo ndio ulikuwa mpango wao wote. Hakuna aliyejiuliza kama mtu anaweza kukosa mjomba na bado akawa na mtu. Mimi mwenyewe sikujiuliza. Nilifurahi mno. Baba alinitengenezea kiti kirefu kwa mbao za kreti, akakiweka kwenye upande mrefu wa meza, macho yangu yakawa juu kidogo tu ya mipira. Kwa mara ya kwanza watu wazima walinyamaza wakingoja mimi niseme neno.

Julai ile mkulima mmoja mkubwa wa ngano, aliyependa pool kuliko alivyoweza kuicheza, alitoa mtamba wa ng'ombe uwe zawadi ya mshindi. Mtamba alifungwa nje ya bucha yetu wiki nzima, na wapita njia walimtazama kwa huruma wakidhani wanajua mwisho wake. Kendi alimtazama kwa jicho jingine. Ng'ombe wao alikuwa amekufa mwanzoni mwa mwaka, na tangu hapo nyumba yao ilikunywa chai ya rangi. Kaka yake, Mutwiri, ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa Timau. Kendi alishampa mtamba jina, Karembo, na kila jioni tulimkatia nyasi ukingoni mwa barabara, sisi wawili, tukimlisha kana kwamba amekwisha kuwa wao. Nami nilimlisha nikiamini hivyo. Nilijua hata mahali watakapomfunga.

Mutwiri alikuwa na koti moja zito, la kazi, alilokuwa amelivaa tangu kabla mikono yake haijamaliza kurefuka. Vifundo vya mikono vilibaki nje, na mkono wenye baridi haupigi mpira vizuri. Kendi akaamua kumfumia vikono vya uzi wa sweta, vyekundu, avishone kwenye ncha za mikono ya koti. Tulikaa jikoni kwao, mimi nimeshika kibonge cha uzi nikiufungua polepole, yeye anafuma, mama yake anatuambia tusogee tusiungue. Vikono vilitoka vipana kuliko ilivyokusudiwa. Mutwiri alivivaa, akainua mikono kama askofu anayebariki, sote tukacheka. Hiyo ndiyo jioni niliyoipenda kuliko zote katika utoto wangu, na huwa siitaji mbele za watu kwa sababu haina chochote ndani yake.

Siku ya mashindano chumba kilijaa mpaka watu wakasimama dirishani kwa nje, na mvuke wa pumzi zao ukaingia ndani. Baba alipiga pasi, akachomeka mifupa, nikanywa supu. Kisha alisoma sheria kwa sauti, kama kawaida yake, ikiwemo ile ya mwisho: mpira ukiguswa na kitu chochote kisichokuwa ncha ya fimbo, uwe mkono, nguo au kofia, ni faulo, na mwenzako anapiga mara mbili. Kila mtu aliitikia. Fainali ikawa kati ya Mutwiri na mtu wa Mikinduri aliyeitwa Kobia, mpole, mwenye shavu lililojaa miraa, aliyekuwa akiipumulia mikono yake kila baada ya pigo. Kendi alisimama mlangoni, mkononi ameshika kamba. Alikuwa amekuja na kamba yake mwenyewe ya kumwongoza Karembo nyumbani.

Walifika mahali ambapo Mutwiri alibakiza mpira mmoja wa rangi na ule mweusi. Alilala juu ya meza kuufikia mpira mweupe uliokuwa mbali, upande wangu. Mkono wake wa kushoto ulipita juu ya mpira wa manjano wa Kobia, nami nikauona ule uzi mwekundu, uzi nilioushika mimi mwenyewe, ukishuka na kuulamba mpira. Mpira uligeuka kidogo. Haukwenda popote, uligeuka tu, kama mtu anayejigeuza kitandani, ukatulia. Mutwiri akapiga. Mpira wake ukaingia shimoni, chumba kikalipuka kwa shangwe, na Kobia, aliyekuwa ameinama akitafuta chaki, hakuwa ameona kitu. Hakuna aliyeona. Kama ningenyamaza, ukweli ule ungebaki kati yangu na mpira.

Mara nyingi nimeulizwa, na watu wachache niliowahi kuwasimulia, nilifikiri nini wakati ule. Sikufikiri. Niliona supu imepita mstari upande mmoja, basi.

"Faulo," nikasema.

Ilibidi niseme tena ndipo wanyamaze. Mutwiri aliniuliza faulo gani, nikamwambia ni kikono, kimegusa ile ya manjano. Aliutazama mkono wake. Nilimngoja aseme kitu, ndiyo au hapana, lakini alikaa kimya, na kimya chake kikaniacha juu ya kiti kile peke yangu na chumba kizima.

"Kwani huyu mtoto amekula nini ya Mikinduri?" mtu mmoja akauliza, na mwingine akasema hizi ndizo shida za kuweka mgeni ahukumu mambo ya watu. Mgeni. Nilikuwa nimezaliwa hatua chache kutoka pale, nyuma ya bucha.

Baba alikuja na aproni yake ya damu, akapenya katikati yao. Hakuniuliza kama nina hakika, wala hakunionea huruma.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Basi. Kobia, piga mara mbili."

Kobia alinitazama kwa mshangao. "Mimi sikuona kitu," akasema, "lakini refa amesema." Akapuliza mikono, akamaliza mchezo kwa utulivu, mpira baada ya mpira, mweusi mwisho. Nilipogeuza macho mlangoni, Kendi hakuwepo. Kamba yake ilikuwa imeanguka kwenye kizingiti, na watu walioharakisha kutoka walikuwa wakiikanyaga. Jioni Karembo alipandishwa kwenye pikapu akilalamika, akateremka kwenda Mikinduri, mahali penye joto.

Usiku Baba aliniwekea chakula kingi kuliko kawaida, akaniambia msema kweli mpenzi wa Mungu. Nililishika neno lile kwa mikono miwili. Waliotunga methali hiyo walitunga na nyingine, kwamba msema kweli hukimbiwa na rafiki zake, lakini hiyo sikuambiwa na mtu. Jumatatu niliikuta shuleni. Kendi alikuwa amehamia dawati la mbele, karibu na msichana ambaye tulikuwa tukimcheka pamoja. Hakunitukana. Nilipomwita aliitika, nilipomwomba kifutio alinipa. Baada ya kengele ya mwisho aliondoka na wenzake, nami nikatembea nyuma yao kwa mbali kidogo, nikipunguza mwendo ili nisionekane nawafuata. Kwenye kalvati nilisimama. Nilijiambia nimesimama kufunga viatu.

Julai iliyobaki na likizo yote ya Agosti nilisimama kwenye kalvati ile. Watoto wana imani ya ajabu juu ya mahali. Nilidhani nikikaa pale muda wa kutosha, njia itakumbuka na kumleta. Nilimwona Mama Mutwiri akipita na ndoo, akinisalimu vizuri, kama unavyosalimia mwenye duka. Waliendelea kununua nyama kwetu, maana mizani ya Baba ilikuwa ile ile, ila sasa waliipokea, wakashukuru, wakaenda. Hakuna aliyekaa kaunta kupiga soga. Nilimsikia Baba akizisemesha sahani za mizani. Nilimwandikia Mama kwamba tuko salama. Ukungu ulishuka, nikaenda shule, ukapanda, nikarudi. Nilikuwa mpweke, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa amenikosea kwa sheria yoyote niliyoijua, sikuwa na mtu wa kumpigia faulo.

La kushangaza ni kwamba sifa zangu zilienea. Vijana wa Kanyakine, ambao hawakuwahi kupanda mlima kuja kwetu, walituma habari kwamba watakuja kwa sababu wamesikia kuna msichana pale hapendelei mtu. Chumba kilijaa tena. Watu wale wale wa Timau walinipisha nipande kwenye kiti changu, wakaninyamazia, wakakubali kila nilichosema. Hawakuwahi kuniamini vile. Kisha mchezo ukaisha, wakaondoka wawili wawili, watatu watatu, na mimi nikateremka nikazikusanya chaki. Mutwiri hakurudi kucheza. Nilikitafuta kikono chekundu katika kila mkono uliolala juu ya meza ile mpaka bibi alipofariki akazikwa na Mama akarudi, na mwaka uliofuata tukahamia Maua.

Leo nina duka la sare za shule Meru mjini, si mbali na Makutano, na mkabala wangu kuna ukumbi wa pool wenye meza kadhaa zilizopimwa kwa kifaa chenye kiputo cha hewa ndani ya maji. Hakuna mifupa, hakuna supu. Vijana wakishindana hutundika simu juu ya meza, na wakibishana huirudisha video nyuma, wanaangalia, wanacheka, wanaendelea. Hakuna anayeichukia simu. Nayo haina mjomba, lakini mchezo ukiisha hutiwa mfukoni, ikapelekwa nyumbani na mtu. Ni haki iliyo bora kuliko yetu, nakiri bila kinyongo. Siku moja nilivuka barabara nikasimama pale mlangoni, nikavuta pumzi nikiitafuta ile harufu ya pasi. Palinuka dawa ya sakafu.

Mwanzoni mwa muhula huu mwanamke aliingia dukani kumtafutia mwanawe sweta, akageuza sweta nje ndani kukagua mshono, na kabla hajainua uso nilikwisha kumjua kwa vidole vyake. Tulisalimiana kwa Kimeru, tukaulizana habari za wazazi. Mutwiri anaendesha trekta kwenye mashamba ya ngano, aliniambia, na ana watoto wakubwa. Nikamuuliza kama bado anacheza pool.

"Wapi. Aliacha ile siku." Alikunja sweta, akalikunjua tena. "Na aligusa, unajua. Alituambia usiku huo huo tukikula. Alisema alisikia uzi ukishika mpira."

"Kwa hivyo mlijua."

"Tulijua wote. Hata mum."

Nikasikia swali la mtoto wa darasa la tano likinitoka mdomoni. "Sasa mbona ulihama dawati?"

Alinitazama bila ubaya, kama mtu anayemwelekeza mwenzake njia iliyo wazi. "Zaina, ungekuwa wetu si ungenyamaza?"

Kwa miaka yote hiyo nilikuwa nimejiliwaza kwamba waliniacha kwa sababu walidhani nimesema uongo. Niliamini kwamba ukweli ungewafikia siku moja, polepole kama mambo yote yanavyofika Timau, na siku hiyo Kendi angevuka barabara aje. Kumbe ukweli ulikuwa umekaa nao mezani tangu usiku ule, ukila nao, wakausogezea na chumvi. Hawakunikosea hesabu. Walinipima sawasawa, wakaona niko nje. Nimejiuliza kama leo ningenyamaza, na jibu ni kwamba nisingenyamaza; ningesema faulo, na sauti yangu ingetetemeka kuliko ilivyotetemeka siku ile, kwa sababu sasa najua inavyogharimu. Ila ningeomba, kabla sijapanda kwenye kile kiti, kwamba awepo mtu mmoja chumbani atakayenisindikiza nyumbani baadaye, hata kama ni nusu ya njia.

Nilimfungia Kendi sweta lake, nikafunga duka, nikatoka naye kuelekea stendi. Tulizungumza habari za karo na mvua. Tulipofika kwenye kona nilipunguza mwendo, kwa mazoea ya miguu, nikimpa nafasi ageuke anirudishe kidogo. Kendi akaniambia nimsalimie Baba, akanipungia mkono, akaenda zake. Nikasimama pale kidogo, nikainama kana kwamba nafunga kiatu, kisha nikarudi dukani.